Rudini Nyuma Kidogo

Baada ya mapumziko ya asubuhi, Mwalimu wa Insha alifuta ubao, akafuta na ule ukingo mwembamba chini yake ambako chaki hulala, akasimamisha picha pale, ikaegemea ubao. Ilikuwa picha kubwa yenye fremu ya mbao na kioo. Kioo kilikuwa na alama ya kidole pembeni. Akaipangusa kwa mkono wa blauzi, akaita darasa lije mbele safu kwa safu, mikono nyuma, midomo imefungwa, waangalie mpaka washibe kisha warudi kukaa.

Sheria yake ilikuwa moja tu. Kila sentensi ianze na neno "naona". Atakayesema "nadhani" au "nafikiri" atakaa kimya mpaka kesho. Kwa mwanafunzi anayeitwa Kasuku, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, hiyo ilikuwa adhabu mbaya kuliko kuchota maji.

"Naona wanafunzi wamepanga mistari," alisema mmoja.

"Naona ukuta na bango la kitambaa. Bango limeandikwa jina la shule na maneno 'Usafi ni Tabia'."

"Naona jua," alisema msichana wa dirishani, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa ameling'ang'ania dawati lile tangu aanze shule.

"Jua limo kwenye picha?"

"Halimo, Mwalimu. Naona vivuli. Vyote viko upande mmoja, na vyeusi kabisa."

"Vizuri. Endeleeni."

"Naona huyu wa mbele anataka kwenda chooni," alisema Kasuku.

"Umeona nini?"

"Magoti, Mwalimu. Ameyabana."

Darasa likacheka, na Mwalimu wa Insha akakubali, kwa sababu magoti yalikuwa yamebanwa kweli. Hakuna aliyesema kuhusu msichana mrefu wa mstari wa nyuma, katikati, chini ya bango, ambaye macho yake yalikuwa nusu yamefumbwa. Wote walimjua. Alikuwa mtoto wa Mwalimu wa Insha. Shule nzima ilimwita Mlingoti kwa urefu wake, na nyumbani nako jina likahamia, mpaka mama yake akawa Mama Mlingoti na baba yake Baba Mlingoti, na wanaitwa hivyo mpaka leo ingawa mwenye jina hayupo.

Habari zake ni fupi, na zinauma. Ukuta wa mwisho wa jengo la madarasa ulikuwa na ufa. Ulianzia chini ya dirisha ukapanda mpaka kwenye kona, na mjusi aliingia ndani yake na kutoka bila kubanwa popote. Mwalimu wa Insha aliusema ule ufa kwenye kikao cha walimu. Akausema tena kikao kilichofuata. Mara ya pili Mwalimu Mkuu alitabasamu, akasema watu wa insha wana mawazo mengi, na walimu wakacheka, maana ni vizuri kucheka mkubwa anapotania. Kisha yakaja mashindano ya shule nadhifu, ambayo kila shule ilitakiwa kutuma picha moja. Mwalimu Mkuu aliutazama ukuta, akaona kwamba ufa utaharibu picha. Akaenda kwa Baba Mlingoti, ambaye ni fundi cherehani, akaagiza bango la kutoka dirishani mpaka kwenye kona. Baba Mlingoti akapima, akakata, akashona pindo mara mbili ili lisipeperuke. Aliona fahari, shule ya mtoto wake.

Siku ya picha warefu waliwekwa nyuma, kama kawaida. Mpiga picha akaangalia kwenye kamera yake, akasema bango halijaingia lote, akawaambia wanafunzi, "Rudini nyuma kidogo." Wakarudi. Mlingoti akaegemea ukuta. Mpiga picha akabonyeza, na ukuta ukaanguka.

Wengine walitoka na michubuko. Mlingoti hakutoka. Watu wa uchunguzi walikuja kwa gari safi, wakanywa chai, wakaandika kwamba ukuta uliangushwa na mvua. Picha ilikuwa imeshapigwa, na ilikuwa nzuri, kwa hiyo ilitumwa. Ikashinda. Shule ikapewa ngao ya shaba, Mwalimu Mkuu akaitundika ofisini kwake, na picha akaitundika chini ya ngao.

Mwalimu wa Insha hakutaka pole. Pole alikuwa nazo za kutosha, zimejaa nyumba nzima. Alitaka jambo moja, na alilitaka wakati anasaga, wakati anasahihisha madaftari, wakati anafunga vifungo vya gauni lake asubuhi: Mwalimu Mkuu asimame pale alipokuwa amesimama mwanawe, chini ya ukuta ule ule, na ajue amesimama wapi. Basi. Akishasimama pale, dunia iendelee na shughuli zake.

Picha hakuiiba. Alipewa. Ulikuja waraka kutoka juu kwamba walimu wafundishe kwa picha, kwa kuwa mwanafunzi akiona hujifunza upesi na husisimka kiakili. Mwalimu Mkuu aliusoma waraka kikaoni kwa sauti nene. Shule haikuwa na picha yoyote ila ramani moja iliyoliwa na panya upande wa kusini. Mwalimu wa Insha akauliza picha zitatoka wapi.

"Chukua ile ya ofisini," alisema Mwalimu Mkuu bila kuinua macho. "Si picha ile?"

Walimu wengine waliangalia meza. Mwalimu Mkuu hakuwa na nia mbaya siku ile. Alikuwa ameiangalia ngao mara nyingi mno, na picha hakuwa ameiangalia hata mara moja tangu ipate tuzo.

Somo la pili, pale kwenye picha, bango lilikuwa limeshuka. Halikushuka sana, kiasi cha upana wa vidole, na upande wa kushoto tu.

"Naona bango limelala upande," alisema msichana wa dirishani.

"Jana lilikuwaje?"

"Jana lilikuwa limenyooka. Leo naona mstari mweusi juu yake. Naona ni ufa."

Mwalimu wa Insha aliandika ubaoni: bango, limelala, ufa. Wanafunzi wakanakili. Akawaambia waandike aya moja kuhusu walichokiona, na wasitie chumvi, maana picha haihitaji kuungwa. Wakaandika. Watoto ambao juzi walikuwa wakitafuna kalamu kipindi kizima, sasa walisikika wakivuta karatasi na kunyanyuka kwenda kuangalia tena, na kengele ilipolia waliguna.

Kila somo picha ilienda hatua moja zaidi, na kila somo walioangalia vizuri ndio waliopata cha kuandika. Waliona kwamba ardhi ya pale uwanjani ilikuwa kavu, imepasuka kama kisigino. Waliona viatu vya mstari wa mbele vina vumbi mpaka kwenye kamba. Waliona ndoo imepinduliwa juu chini kando ya jengo, na juu yake hakuna tone.

"Naona hakuna mvua," alisema Kasuku.

"Huwezi kuona kitu ambacho hakipo."

Kasuku akakuna kichwa. Akaenda kuangalia tena, akarudi. "Naona ukavu, Mwalimu. Ukavu umejaa tele."

Hiyo aliiandika ubaoni, akaipigia mstari.

Ni msichana wa dirishani aliyekiona kivuli. Kilikuwa chini kabisa ya picha, mbele ya mistari yote, karibu na kivuli cha mpiga picha na kamera yake. Kilikuwa kivuli cha mtu mwenye pama, ile kofia ya ukingo mpana, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea ukutani kama anayeelekeza watu. Mjini pama walivaa wachache, na shuleni pama alivaa mmoja.

"Naona kivuli cha pama," alisema msichana. "Naona kinaonyesha watu warudi nyuma."

Mwalimu wa Insha akashika chaki lakini hakuandika kitu.

Siku hiyo hiyo, Mwalimu Mkuu akiwa ofisini, vumbi la lipu lilianza kumdondokea. Lilianguka kutoka darini polepole, jeupe, likatua kwenye mabega yake na kwenye chai. Katibu muhtasi akainua macho. Dari ilikuwa nzima, imepakwa rangi mwaka huo huo.

"Nikuletee kitambaa, Mkuu?"

"Niletee."

Alipotoka nje vumbi likatoka naye. Likamwangukia njiani, kwenye kiti cha kinyozi, na kanisani, ambako waumini walimwachia benchi zima kwa adabu. Lilimwangukia yeye tu, na halikuongezeka wala kupungua. Alinunua mwavuli. Mkewe, ambaye alipenda nyumba safi, alihamia chumba cha watoto na mto wake, akasema si kwa ugomvi, ni kifua. Kwenye vikao walimu walijifunza kufunika vikombe kwa visahani na kukaa mbali kidogo, na ajenda zikaendelea kama kawaida.

Jumapili mchana Mwalimu wa Insha alibeba picha nyumbani. Baba Mlingoti alikuwa sebuleni, cherehani imefunikwa. Tangu ule msiba alishona shuka na mapazia tu, vitu vya mstari mnyoofu. Alipokea picha, akaiweka magotini, akavaa miwani.

Hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama bango.

"Pindo langu hilo," alisema. "Nilishona mara mbili."

"Najua."

"Nilimuuliza la nini kubwa hivyo. Akasema shule kubwa, bango kubwa. Nikacheka, Mama Mlingoti. Nikamwambia sawasawa, Mkuu."

Mkewe alikaa kando yake. Mtoto wao, pale kwenye picha, alikuwa amegeuza kichwa. Siku ya kwanza alikuwa anatazama mbele kwa macho yaliyofumbwa nusu. Sasa alikuwa anatazama ukuta nyuma yake, juu, pale bango lilipoachia. Walikuwa wanaiona shingo yake na ule unywele mmoja ambao haukuwahi kukubali kusukwa.

"Amekonda," alisema baba yake.

"Ndivyo alivyokuwa."

"Mwambie Mkuu nataka kumwona."

"Ukimwona utamfanya nini?"

Baba Mlingoti alifikiria. Alikuwa mtu mpole, na mikono yake ilikuwa imezoea vitu laini. "Nitamchoma na sindano zote nilizonazo," alisema hatimaye, "moja moja."

"Haitoshi," alisema mkewe, akachukua picha, akaifunga kwenye mtandio wake.

Darasani nako watoto walikuwa wamechoka kusubiri. Kasuku aliandika insha ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Ndani yake Mwalimu Mkuu alipita mbele ya ukuta na ukuta ukamwangukia, na Kasuku aliyaeleza matofali moja baada ya jingine, mpaka kiatu kilichobaki juu ya kifusi. Ilikuwa insha tamu. Mwalimu wa Insha aliisoma mara mbili akiwa amesimama, na mara ya pili uso wake ulipata joto. Kisha akachukua kalamu nyekundu akampa sifuri.

"Kwa nini, Mwalimu?" Kasuku alikaribia kulia. "Hata wewe unamchukia! Kila mtu anajua."

"Namchukia," alisema Mwalimu wa Insha. "Namchukia kuliko unavyoweza kuandika. Lakini umeliona hilo? Onyesha kwenye picha uliloliona."

Kasuku akaitazama picha. Ukuta ulikuwa umesimama.

"Sijaliona."

"Basi ni uongo wako, na uongo haumdondoshei mtu hata punje ya mchanga. Yule ameshiba uongo. Uongo ndio unaomlinda. Kaa chini, uangalie tena."

Kasuku alikaa. Aliangalia mpaka macho yakamtoka machozi, na mwisho akasema anaona kwamba kivuli cha pama kimesogea karibu na mstari wa mbele. Akapata alama yake.

Habari za darasa lile zikaenea. Ilisemwa kwamba kuna watoto wanaoandika kurasa nzima bila kubembelezwa, na kwamba wanaona vitu ambavyo watu wazima hupita juu yake. Mkaguzi wa shule akaja kuangalia. Alikuwa mwanamama mwenye mkoba mzuri na kalamu tatu za rangi. Mwalimu Mkuu alimsindikiza mpaka darasani, akakaa naye nyuma, mwavuli wazi juu ya kichwa. Mkaguzi alisogeza kiti ili vumbi lisimchafue, akasema asante, yuko sawa tu.

Picha ilikuwa imewekwa ubaoni. Bango lilikuwa limeanguka lote, limelala kwenye miguu ya mstari wa nyuma. Ufa ulikuwa wazi, na mjusi ametoa kichwa.

"Naona ufa mkubwa," alisema wa kwanza. "Naona umeanzia dirishani."

"Naona ufa ni wa zamani. Naona buibui ametanda humo."

"Naona bango limekatwa kwa kipimo cha ufa."

"Naona ardhi kavu," alisema Kasuku. "Na ndoo kavu. Na viatu vina vumbi."

Msichana wa dirishani alisimama wa mwisho. "Naona kivuli cha pama kimesimama karibu na watoto, na mkono wake unawasukuma."

"Ni kivuli cha nani?" aliuliza Mkaguzi kwa upole, maana alipenda kushiriki.

Darasa zima liligeuka likamtazama Mwalimu Mkuu. Madawati yalilia yote kwa pamoja. Yeye akautazama mpini wa mwavuli wake, na vumbi likaendelea kumwagika juu ya kitambaa cha mwavuli kwa sauti ndogo kama ya mchele unaopepetwa.

Mwalimu wa Insha alisimama kando ya picha mikono imelegea. Huo ndio wakati aliousubiri. Alisubiri mtu yule aseme neno. Lolote. Alisubiri Mkaguzi amgeukie amuulize.

Mkaguzi aliandika kwa kalamu ya kijani: ushiriki wa wanafunzi ni wa hali ya juu sana.

Kasuku akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Ile ripoti inayosema ni mvua, sasa itabadilishwa?"

"Ripoti ikifungwa imefungwa, mwanangu," alisema Mkaguzi. "Lakini umeuliza vizuri. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Mkaguzi alifunga mkoba, akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mbinu hii inapaswa kuenea shule zote, na kwamba shule huwa kama kiongozi wake. Haukupita muda barua ikaja: Mwalimu Mkuu amepandishwa cheo, ataondoka kwenda makao makuu kusimamia ubora wa ufundishaji. Mwalimu wa Insha alipewa cheti chenye jina lake lililokosewa.

Siku cheti kilipofika, picha ilikuwa imebadilika mara ya mwisho. Mstari wa nyuma, katikati, palikuwa na pengo. Wenzake wa kulia na wa kushoto walikuwa bado wamebana mabega kama kuna mtu kati yao. Mlingoti hakuwepo. Mama yake aliitafuta picha nzima kwa kidole, kona kwa kona, juu ya kioo. Mwanawe alikuwa ameondoka chini ya ukuta bila kuaga.

"Naona ametoka," alisema msichana wa dirishani, taratibu, kwa sababu mwalimu alikuwa amewapa mgongo na mabega yake yanatikisika.

"Ametokea upande gani?"

"Upande wa mbele, Mwalimu. Naona nyayo. Zimekuja huku kwetu."

Ukuta ulikuwa umeshajengwa upya, maana shule yenye ngao haiwezi kukaa na tundu. Fundi alikuwa yule yule aliyeujenga mwanzo, shemeji wa Mwalimu Mkuu, na mchanga ulikuwa mwingi kuliko saruji, kama zamani. Kabla rangi haijakauka vizuri ufa ulikuwa umeshapita njia yake ya mwanzo, kutoka chini ya dirisha mpaka kwenye kona. Mjusi akarudi.

Mwalimu Mkuu alitaka kuagwa kwa picha. Akatuma mtu kwa Baba Mlingoti, akaagiza bango jipya, kubwa zaidi kidogo, lenye maneno ya kumtakia heri. Mwalimu wa Insha alipofika nyumbani alikuta cherehani imefunuliwa na kitambaa cheupe kimejaa sebule.

"Umekubali?" aliuliza.

"Nimekubali." Baba Mlingoti alikuwa anashona kwa mkono, amekaa sakafuni. Alimwonyesha vitanzi vya kutundikia, na pindo lote la juu. "Angalia uzi."

Aliangalia. Ilikuwa mishono mirefu, iliyolegea, ile ambayo mafundi hushikizia nguo kwa muda kabla ya kushona kweli, na baadaye huivuta kwa vidole viwili ikatoka yote.

"Nimepiga bandi tu," alisema mumewe. "Mwanzo mpaka mwisho. Upepo ukilikoholea, linakuja chini."

Mama Mlingoti akakaa sakafuni kando yake, akatunga uzi kwenye sindano nyingine, akamsaidia upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, walikula chakula wakakimaliza.

Siku ya kuaga kulikuwa na viti vya plastiki na spika iliyokoroma. Mpiga picha alikuwa yule yule. Tangu siku ile ya ukuta hakuweza tena kutamka neno "nyuma". Likifika mdomoni lilikuwa linageuka kikohozi, kwa hiyo watu aliwaelekeza kwa mkono. Bango lilikuwa limetundikwa. Mwalimu Mkuu akafunga mwavuli, akapangusa mabega, akashika ngao kifuani, akaamuru darasa la Mwalimu wa Insha lije limzunguke, warefu nyuma.

Darasa halikusogea.

"Hamkusikia?"

"Naona ufa," alisema msichana wa dirishani. Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama anavyosema darasani. "Umefunikwa, lakini naona ncha yake pale konani."

"Naona mchanga unamwagika chini ya dirisha," alisema Kasuku.

Mwalimu Mkuu akamtazama Mwalimu wa Insha. Mwalimu wa Insha akawaambia wanafunzi wake wahamie upande wa pili wa uwanja, karibu na geti. Wakaenda.

"Basi leteni darasa lingine," alisema Mwalimu Mkuu.

Mwalimu wa Insha alikuwa ameshawafikia wa madarasa mengine. Alienda darasa moja baada ya jingine, hakuomba ruhusa ya mwalimu yeyote, aliwashika wadogo mabega akawageuza, na wakubwa wakafuata wenyewe. Walimu wakasimama wakatazamana, kisha nao wakakumbuka wana shughuli karibu na geti. Upande wa ukuta akabaki mtu mmoja na ngao yake.

"Na mimi?" aliuliza Mwalimu Mkuu. Aliuliza kama mtu aliyesahauliwa na gari.

"Wewe ndiye unayeagwa," alisema Mwalimu wa Insha kutoka upande wa pili. "Simama vizuri."

Angeweza kuondoka. Miguu alikuwa nayo, na uwanja ulikuwa wazi. Lakini spika ilikuwa imeshatangaza picha, wageni walikuwa wamegeuza viti, na kuondoka pale kungekuwa kusema kwamba ufa upo. Mwalimu Mkuu akanyoosha tai. Akainua macho mara moja juu ya bega lake, kwenye bango, na uso wake ukawa mweupe kwa kitu ambacho hakikuwa vumbi. Mwalimu wa Insha aliuona uso ule. Aliuangalia mpaka akashiba.

Mpiga picha alichungulia kwenye kamera. Bango halikuwa limeingia lote. Akakohoa, akakohoa tena, kisha sauti ikamtoka, safi kabisa.

"Rudi nyuma kidogo, Mkuu."

Mwalimu Mkuu akarudi. Mgongo wake ukagusa kitambaa, na nyuma ya kitambaa ukuta. Mpiga picha akabonyeza.

Ukuta haukuanguka. Wageni wakapiga makofi, soda zikafunguliwa, na jioni Mwalimu Mkuu akaondoka kwenye gari la makao makuu akiwa mbele, dereva amefunika usukani kwa gazeti kwa ajili ya vumbi. Huko alikokwenda walimpa ofisi yenye zulia na mtu wa kufagia. Ripoti bado inasema mvua. Ukuta haukubomolewa, kwa kuwa umejengwa juzi tu na hesabu zake zimefungwa. Madarasa yote yanauzunguka kwa mbali yakienda mapumziko, na Mwalimu Mkuu mpya, ambaye hakuelezwa kitu, anadhani ni mazoea ya hapo.

Picha ya kuaga ilipoletwa, kubwa, ndani ya fremu, Mwalimu wa Insha aliomba itumike kufundishia, na hakuna aliyekataa kwa sababu waraka bado unafanya kazi. Baada ya mapumziko ya asubuhi alifuta ubao, akafuta ukingo, akaisimamisha pale. Darasa likaja mbele safu kwa safu, mikono nyuma.

"Naona mtu mmoja amesimama peke yake chini ya ukuta," alisema Kasuku. "Naona ameshika ngao. Naona magoti ameyabana."

"Naona bango jipya," alisema mwingine. "Upande wa kushoto naona uzi umeanza kuachia."

Msichana wa dirishani alichelewa kurudi kwenye dawati lake. Aliinama akasogeza pua karibu na kioo, chini kabisa, pale kwenye ardhi kavu mbele ya kila kitu, kando ya kivuli cha mpiga picha.

"Naona kivuli kingine, Mwalimu," alisema. "Cha mtu mrefu. Hakina pama. Naona unywele mmoja umesimama."

Mwalimu wa Insha alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe akiwa anafundisha.

"Anafanya nini?"

"Amesimama tu. Anamwangalia."

"Basi na sisi tuangalie," alisema Mwalimu wa Insha. "Kesho tutaangalia tena. Fungueni madaftari."